Mwalimu, una kilo ngapi?

Hotuba kwenye hafla ya kufunga ligi ya mitaa, Mkunguni, Lamu

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliopangana kwenye ngazi za ngome kama kunguru juu ya foramali, ule mti unaobeba tanga.

Nimeombwa niseme dakika kumi. Aliyeniomba hakupata kuwa mwanafunzi wangu, ndiyo maana akadhani dakika kumi zanitosha. Naona pia vikombe viko pale mezani vimefunikwa kitambaa, na macho yenu yako huko. Basi mimi nitasema na zile timu zisizotazamia kikombe. Nyinyi mna nafasi ya kusikiliza.

Naanza na jambo linalonitia haya. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, si mbali na hapa tulipokaa. Mwaka 1979 niliondoka kwenda chuo cha ualimu, kisha nikafundisha Kiswahili huko bara miaka 37. Desemba 2018 nikastaafu, nikarudi na masanduku manne ya vitabu na goti moja lisilokubali kukunjwa. Nilidhani narudi nyumbani. Kumbe wenzangu tuliokuwa tukijitupa majini pamoja hapo gatini, wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wako Mombasa, mmoja yuko Omani na hana habari ya kurudi. Nikawa mgeni katika mji niliokatiwa kitovu.

Mtaniambia, Mwalimu, katika Lamu hii mtu atakuwaje mpweke? Ukitoka mlangoni mpaka ufike forodhani umeshaamkiana na watu thelathini. Ni kweli. Vichochoro vyetu ni vyembamba, huwezi kumpita mtu bila kumpisha kwa bega, na hakuna gari la kujifichia ndani. Masalkheri, umeshindaje, wa nyumbani hawajambo? Lakini salamu ni sadaka, ndugu zangu. Humpi mtu kwa kuwa wamjua, wampa kwa kuwa yu pale. Mwezi wa tatu tangu nirudi nilishikwa na homa, nikalala siku nne. Siku ya tano nikajikongoja mpaka kwa muuza kahawa. Akanimiminia, akanisalimu vilevile alivyonisalimu juma lililopita. Hakujua kwamba nilikosekana. Na ajue kwa nini? Katika mji mzima hapakuwa na jambo hata moja lililokwama kwa sababu mimi sikuja.

Lishikeni hilo, nitalirudia.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nimekaa ukutani pale forodhani, natazama maji. Nahodha mmoja wa mtaani kwetu, hapendi kutajwa, yuko pale nyuma na anajifanya hasikii, akasimama mbele yangu akanipima toka kichwani hadi miguuni, vile mtu anavyompima mbuzi wa Idi. Akauliza, "Mwalimu, una kilo ngapi?"

Nikamwambia tisini na mbili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kesho alasiri ndoo."

Wageni waliopo wasidhani niliambiwa nije na chombo cha kutekea maji. Kwa Kiamu, njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Mimi niliyewakata watoto wa watu alama miaka 37 kwa ajili ya Kiswahili sanifu, neno lile lilinitoa machozi, nikasingizia chumvi.

Sasa, yule nahodha hakuwa akitafuta rafiki. Alikuwa akitafuta farumi. Farumi ni ule uzito unaowekwa chomboni kisiyumbe: mawe, mchanga, chochote kizito kisicho na thamani. Na mimi ndiye nilipatikana.

Wengi hapa mmeyaona mashindano ya mashua wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, au siku ya mwaka mpya. Lakini kuyaona kutoka ufuoni ni jambo moja. Mashua ya mashindano hupewa tanga kubwa kuliko umbo lake, na upepo wa kusi ukilishika vizuri chombo chataka kulala. Basi hutolewa ubao mrefu nje, upande wa goshini, yaani unakotoka upepo, na watu hujipanga juu yake, mmoja baada ya mwenzake, makalio juu ya maji matupu, mpaka uzito wao uirudishe mashua wima. Nahodha akitaka kubisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo, foramali huzungushwa mbele ya mlingoti, tanga likaenda upande wa pili, na ubao nao uhamishwe, na watu juu yake. Yote hayo kwa muda wa kusema Bismillahi mara mbili tatu. Akichelewa mtu mmoja, maji yaingia. Wakichelewa wawili, nyote mwaogelea.

Siku ya kwanza niliyechelewa ni mimi. Goti liligoma. Kijana aliyekuwa nyuma yangu, rika la mwanangu wa mwisho, alinikamata ukosi wa fulana akaniburura kama gunia la mkaa, huku akipiga kelele, "Mguu, babu, mguu!" Kijana huyohuyo tukikutana kichochoroni huinama akanibusu mkono. Kule ubaoni hakuniomba radhi, wala sikuidai. Tulipofika ufuoni alinipa kipande cha muhogo wa kukaanga kutoka mkononi mwake, alikuwa ameshakiuma upande mmoja. Tangu nirudi Lamu nilikuwa nimekirimiwa kwa sahani nzuri nyingi. Hicho ndicho chakula cha kwanza nilichopewa na mtu asiyeniona mgeni.

Miezi ikapita. Siku moja nikaona uvivu, nikabaki nyumbani na kitabu. Asubuhi ya pili, kabla hata ya chai, watu watatu mlangoni. "Mbona yana hukuya?"

Jamani, hawakuja kunijulia hali. Walikuja wamenuna. Siku iliyotangulia iliwabidi watie viroba vya mchanga mahali pangu, na kiroba cha mchanga hakijui kuhama wakati wa kubisha. Walikuwa nusura wazame. Nilisimama pale na kikoi changu cha kulalia, nasemwa na watoto niliowazidi miaka thelathini na zaidi, na moyoni mwangu nilikuwa nafurahi kama mtu aliyeposewa. Tangu niache kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza nilikuwa wapi.

Ndilo neno nililokuja nalo leo. Watu husema michezo huleta udugu, wakimaanisha kucheka pamoja, kupigana mabega, kupiga picha. Hayo yapo. Lakini mimi naona kinachofunga watu ni kule kuhesabiwa. Mchezo una idadi. Mpira wataka kumi na mmoja, ubao wa mashua wataka watu na kilo zao, bao lataka wawili. Usipotokea, kuna pengo lenye umbo lako wewe, na mtu atalazimika kuuliza. Udugu huja baadaye, kwa mlango wa nyuma, mnapokuwa mnashughulikia jambo jingine.

Mwalimu akistaafu hastaafu kusoma, kwa hiyo nikaanza kutafuta kama wako waliolichunguza jambo hili. Wapo. Kule Oxford, Uingereza, watafiti waliwachukua wapiga makasia 12 wa chuo kikuu, wakawapa mazoezi ya dakika 45 kwenye mashine za makasia. Siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine kwa kundi, mwendo mmoja. Baada ya mazoezi wakawabana mkono kwa ile mipira ya kupimia presha, waone mtu atastahimili maumivu kiasi gani. Jasho lilikuwa lilelile. Lakini waliopiga makasia pamoja uvumilivu wao ulipanda karibu mara mbili ya walipokuwa peke yao. Wao wanaona mwili hujitengenezea dawa yake ya kutuliza maumivu, na hutoa nyingi zaidi watu wakienda kwa mpigo mmoja. Nilipomsomea nahodha habari hii aliniuliza kama watu hao wamelipwa. Nikamwambia sijui. Akasema, "Wangetuuliza sisi tungewaambia bure." Kwani wavuta jarife, zile nyavu kubwa za samaki, wote huimba kwa nini?

Na huko huko Uingereza, mwaka 2004, bwana mmoja aitwaye Paul Sinton-Hewitt aliumia, kwa muda hawezi kukimbia, na akaona atawapoteza wenzake wa mbio. Akatafuta namna ya kuendelea kuwa nao: kila Jumamosi asubuhi, kilomita 5, katika bustani ya Bushy Park, bila kiingilio, yeye akishika saa. Siku ya kwanza walikuja wakimbiaji 13. Mambo hayo leo yanaitwa parkrun na yamesambaa nchi nyingi. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba chanikumbusha goti langu. Mtu hawezi kukimbia, lakini bila yeye mbio hazina saa. Kila timu iliyopo hapa ina kazi kumi za mtu asiyeweza kukimbia: wa kuweka hesabu, wa kubeba maji, wa kushona nyavu, wa kumtuliza kocha. Msimwache mtu nje kwa sababu ya goti.

Subirini kidogo, mpisheni punda. Naam. Huyo naye hana habari ya hotuba.

Kuna watu watasema, Mwalimu, sisi tunakutana sana, kila Jumamosi tumejaa kibandani tukitazama ligi ya Uingereza. Mimi mwenyewe ni Arsenal, nimezoea kuumia. Lakini nimejaribu: nimekosa mechi sita mfululizo, na hakuna aliyegundua. Timu ilifungwa bila mimi vilevile kama ilivyokuwa ikifungwa nami. Tena siku hizi nusu ya vijana kibandani wanatazama simu kuona mkeka wao wa kamari umechanika au la. Mtu aliyeweka pesa kwenye mechi yuko peke yake hata akiwa amebanana na mia.

Bao je? Wapo wasemao bao si mchezo wa mwili, na kweli hakuna jasho ila la anayefungwa. Mashimo 32, kete 64, watu wawili, na wapambe kumi na watano ambao kila mmoja angecheza vizuri kuliko nyinyi. Mtaani kwetu kuna mzee ambaye mikono ilianza kumtetemeka. Alipokuwa akinamua kete zilimwagika, akaona haya, akaacha kuja. Siku ya tatu mpinzani wake wa miaka yote alikwenda kumchukua. Akamkalisha barazani, akamwambia, "Wewe sema shimo, mimi nitasambaza." Basi akawa anacheza pande zote mbili, zake na za mwenziwe, na alipofungwa, amefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Watu walicheka mpaka adhana. Mzee yule haongei kingine. Siku nzima hutamsikia akisema neno ila majina ya mashimo ya bao: nyumba na kichwa na kimbi. Lakini kila siku saa kumi anangojewa.

Sasa nisiwadanganye. Mchezo pia hugawa watu. Kwenye ligi hii hii kuna mechi moja haikumalizika, na timu hizo sitazitaja kwa kuwa zimekaa hapa, upande huu na upande ule, na zimeacha njia katikati ya kutosha mkokoteni. Lamu tuna historia ya kugawanyika. Wazee wetu walikuwa Zena na Suudi, leo ni Mkomani na Langoni, kesho tutatafuta jina jingine. Ukiwapanga watu wa mtaa mmoja dhidi ya mtaa mwingine kila mwaka, usishangae wakijifunza kuwa maadui. Ningekuwa na mamlaka, na shukuru Mungu sina, ningeichanganya ligi hii: kila timu iwe na watu wa Langoni, wa Mkomani, wa Shela, na wa Mokowe.

Kuna mtafiti anaitwa Salma Mousa aliyelijaribu jambo hilo Iraki, kazi yake ilichapishwa mwaka 2020. Aliwakuta Wakristo waliofukuzwa makwao na ISIS, wakawekewa ligi ya mpira. Timu nyingine ziliongezewa wachezaji watatu Waislamu, nyingine zikaongezewa Wakristo wenzao. Ligi ilipokwisha, wale waliochanganywa walikuwa wepesi zaidi kujiandikisha tena kwenye timu mchanganyiko, na miezi sita baadaye walikuwa bado wakifanya mazoezi na Waislamu. Lakini, na hapa ndipo ninapomheshimu kwa kusema kweli, nje ya uwanja mambo hayakubadilika sana. Kwenda kula katika mkahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi, kuhudhuria sherehe ya mchanganyiko, hapo walibaki vilevile. Walimzoea fulani na fulani. Wageni wengine walibaki wageni.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, katika kaunti yetu hii ya Lamu. Nilikuwa bado bara. Walimu wenzangu niliokula nao miaka kumi waliniuliza, "Nyinyi watu wa Lamu mna nini?" Nyinyi! Huku nako mkawekewa kafyu, usiku mkafungiwa, na najua mlivyowatazama watu wa bara, na wao walivyowatazama. Mchezo hautaponya hayo. Anayeahidi kwamba mpira utamaliza chuki anatafuta kura. Mchezo utakupa mtu mmoja, labda watatu. Mimi nasema watatu si haba.

Mmoja wetu mle mashuani ni kijana wa Nyeri, huko bara, aliyekuja kwa kazi za bandari. Kilo themanini na nane, nahodha alimwona tangu yu mbali. Siku yake ya kwanza tulikuwa tukibisha karibu na fungu, upepo mkali, watu wote wameshahama, yeye kabaki upande wa demani, unakokwenda upepo. Nahodha akapiga kelele, "Ndoo! Ndoo!" Kijana wa watu akaangaza chini, akaona ndoo, akaikamata, akaanza kufua maji kwa bidii zote. Hapakuwa na maji ya kufua. Lakini kwa kuwa uzito wake ulikuwa upande usio wake, mashua ililala, maji yakaingia, na ndoo ikawa na kazi kweli. Leo mji mzima wamwita Ndoo. Mama muuza samaki, ambaye zamani alikuwa akimwambia samaki wamekwisha, sasa humwekea. Akikosa kupita, huuliza, "Ndoo yuko wapi?"

Machi 2020 mchezo ulisimama, mnakumbuka. Korona, kafyu tena, mpaka Oktoba 2021. Hapo mwanzoni, kabla hawajaturuhusu kutoka vizuri, nahodha alitupigia simu mmoja mmoja kila Ijumaa baada ya alasiri. Si mtu wa maneno. Simu nzima ilikuwa hivi: "Mwalimu. Una kilo ngapi?" Nikamwambia. "Haya." Akakata.

Na mama zetu je? Hawa walitutangulia zamani, nami sina la kuwafundisha. Dada yangu na wenzake hutembea alasiri kwenda Shela na kurudi, kilomita tatu kwenda, tatu kurudi, na saa ya kutoka huipanga kwa maji, maana yakijaa ufuo huwa mwembamba. Wanaita matembezi, hawaiti mazoezi. Mmoja wao alifiwa na mumewe. Alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, walikwenda saba wakamngojea barazani kwake. Hakuna aliyepiga hodi mara ya pili. Walikaa, wakaongea habari za bei ya mchele, mpaka yeye mwenyewe akatoka ameshavaa viatu.

Lakini binti zao wakitaka kucheza mpira, uwanja una ratiba ya wanaume toka Jumatatu hadi Jumapili. Nimeiangalia ratiba hiyo. Wasichana hawana hata saa moja. Wanaohusika wako hapa na wanajijua, sitawataja, ila nitawatazama. Msiniambie habari za heshima. Ukuta upo, mlango upo, na saa za asubuhi zipo ambapo uwanja ule unatumiwa na mbuzi. Wasichana wapewe siku mbili. Mbuzi watanisamehe.

Nimemaliza, naona kitambaa cha vikombe kinavutwavutwa. Nina tangazo moja tu. Kesho alasiri maji yatakuwa yamejaa na upepo wa kusi bado upo. Mmoja wetu amepata kazi Mombasa, ameondoka juzi. Na mimi, tangu daktari anikataze mahamri, nimeshuka hadi themanini na nne, nahodha ananitazama vibaya wiki nzima. Ubaoni pana nafasi ya mtu mmoja, tena awe mzito. Wewe bwana wa shati la kijani, pale chini ya mkungu, usijifiche nyuma ya mwenzako, hatoshi kukufunika. Una kilo ngapi?